Kiuno kinauma baada ya kujifungua: nianze na zoezi lipi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Morogoro, nina miaka 31. Nilijifungua mtoto wa pili kwa upasuaji na sasa ana miezi minne na nusu. Tangu nirudi kazini kiuno kinaniuma, zaidi upande wa kulia, chini ya pale ninapofungia kanga. Usiku nikijigeuza kitandani nasikia kitu kinachoma karibu na tako. Kupanda daladala ni shida, na jioni nikishafua ndiyo basi kabisa. Mama mkwe anasema ni ile sindano ya mgongo. Rafiki yangu amenitumia video za kuinua miguu, planki (ile ya kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) na kuruka kamba, anasema na tumbo litapungua humo humo. Nimeuziwa pia mkanda wa kubana tumbo. Nifanye zoezi lipi? Na je, mtoto naweza kumbeba mgongoni?

Jibu: Dada mwalimu, umetaja panapouma na umetaja panauma ukifanya nini, na hayo ndiyo ninayoyahitaji zaidi. Akina mama wengi huniambia tu "mgongo unauma, nipe zoezi," nami hubaki sina pa kushika. Hakuna zoezi moja la mgongo wa mzazi. Anayeumia akiinama, anayeumia akijigeuza kitandani na anayeumia akiwa amekaa ananyonyesha, kila mmoja ana pake pa kuanzia. Kwa hiyo zile video zinaweza kumfaa rafiki yako vizuri tu, wewe zikakulaza.

Nianze na sindano, maana najua haitaacha kutajwa hapo nyumbani. Sindano ya ganzi ya upasuaji ni nyembamba mno. Ilipochoma panaweza kuuma siku chache, na wapo wanaopata maumivu makali ya kichwa katika siku za mwanzo. Lakini tafiti zilizowalinganisha akina mama waliopata ganzi ya mgongo wakati wa kujifungua na wasioipata hazikuona kwamba ganzi inaleta maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Hata hapo mtaani kwenu, ukiuliza, utawapata waliojifungua kawaida bila sindano yoyote na viuno vinawauma vilevile. Nalisema hili kwa sababu mama akishaamini kwamba mgongo wake umeharibiwa, anaogopa kuusogeza, na kutousogeza ndiko kunakouzidisha ukakamavu.

Sababu zenyewe ni za kawaida zaidi. Wakati wa ujauzito homoni hulegeza kano zinazoshikilia mifupa ya nyonga ili mtoto apate njia, hata kama mwishowe hakupitia huko. Misuli ya mbele ya tumbo hutanuka na kuachana katikati. Misuli ya makalio nayo hudhoofika, kwani miezi ya mwisho mtu huwa hatembei kama zamani. Kisha umefanyiwa upasuaji. Wengi hudhani daktari hukata misuli ya tumbo. Kwa kawaida misuli ile ya mbele huvutwa pembeni tu, na kinachokatwa ni ngozi, mafuta, utando mgumu unaoifunika misuli, halafu mfuko wa uzazi. Hata hivyo tabaka zote hizo zina kazi ya kupona, na kupona kwa nje huonekana mapema kuliko kwa ndani. Katikati ya hayo likizo ya siku 84 imekwisha, uko ubaoni, na nyumbani kuna mtoto wa kilo sita au saba unayemwinua mchana kutwa. Mwili unadaiwa kazi ile ile ya zamani kabla nguvu ya zamani haijarudi.

Sasa tusome maumivu yako. Upande mmoja, chini ya mstari wa kanga, ukijigeuza kitandani, ukiinua mguu kupanda daladala: hayo yote yananielekeza kwenye kiungo kinachounganisha mfupa wa nyonga na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Viko viwili, kimoja kila upande, usawa wa vile vishimo viwili vinavyoonekana chini kidogo ya kiuno. Uzito unapohamia mguu mmoja, kiungo hicho kinategemea misuli ikishikilie, na yako kwa sasa haishiki vya kutosha. Yale maumivu ya jioni baada ya kufua ni jambo jingine, ni misuli ya kiuno chenyewe imechoka kuinama. Una vitu viwili basi, na mimi ningeanza na nyonga, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi.

Hili unaweza kulipima mwenyewe leo usiku. Lala chali, miguu imenyooka. Inua mguu wa kushoto kiasi cha shibiri moja bila kukunja goti, ushushe, halafu wa kulia. Je, wa kulia ni mzito zaidi, au unachoma? Mwambie mumeo akushike nyonga kulia na kushoto kwa viganja, azibane kuelekea katikati, nawe uinue tena. Ukiona mguu umekuwa mwepesi ghafla, jibu tunalo: kiungo chenyewe hakijaharibika, kinahitaji kubanwa na misuli kama kilivyobanwa na ile mikono. Usipoona tofauti yoyote, bado mazoezi nitakayokupa hayatakudhuru, ila usichelewe kumwona mtaalamu akupime kwa mikono yake.

Ukiwa hapo hapo kitandani, pima na tumbo. Kunja magoti, weka ncha za vidole juu kidogo ya kitovu, vimeelekea miguuni, kisha inua kichwa tu, kidevu kielekee kifuani. Utasikia kingo mbili za misuli zikikaribia vidole. Nafasi ya kidole kimoja au viwili ni ya kawaida baada ya kuzaa. Ikizidi hapo, au ukiona tuta limeinuka katikati ya tumbo kutoka kifuani kwenda kitovuni, misuli yako bado haijawa tayari kwa mazoezi mazito ya tumbo. Likumbuke hilo tuta. Ndilo litakalokuwa mkaguzi wako siku zote: zoezi lolote linaloliinua, liache kwanza.

Zoezi la kwanza halionekani kama zoezi, na wengi huliruka kwa sababu hiyo. Lala chali, magoti yamekunjwa, mkono mmoja chini ya kitovu. Vuta pumzi mbavu zitanuke pembeni. Unapoitoa taratibu, kaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja, halafu vuta sehemu ya chini ya tumbo iingie ndani kidogo tu. Kidogo kweli, mkono wako ndio utakaojua, mtu aliyesimama mlangoni asione kitu. Makalio yasikaze, pumzi isibanwe. Hesabu hadi tano, kisha achia kabisa, maana misuli isiyojua kulegea nayo huleta maumivu. Rudia mara kumi, asubuhi na jioni. Ukishaizoea utaifanya umekaa unanyonyesha, hata kwenye foleni. Ila usiifanye chooni kwa kukatisha mkojo. Ushauri huo wa zamani unaweza kukusababishia kibofu kisiwe kinaisha vizuri.

La pili ni daraja. Bado umelala chali, magoti yamekunjwa, weka mto katikati ya magoti. Toa pumzi, kaza chini kama nilivyoeleza, bana mto kwa nguvu ya wastani, halafu inua makalio mpaka mapaja na kiwiliwili vikae kwenye mstari mmoja. Kaa sekunde tatu, shuka pole pole. Anza na mara nane, pumzika, nane tena. Huo mto una kazi: unailazimisha miguu yote miwili kufanya kazi sawa, na kwa mwenye nyonga inayouma upande mmoja hilo ndilo tunalolitaka mwanzoni. Nguvu uisikie kwenye makalio. Ukiisikia kiunoni, umeinuka mno, punguza.

La tatu ninalipenda kuliko yote: kukaa na kusimama. Tumia kiti cha kawaida cha mezani, usitumie kigoda. Kaa mbele ya kiti, miguu upana wa mabega, sukuma makalio nyuma, kifua kielekee mbele, simama huku unatoa pumzi. Shuka kwa kuhesabu hadi tatu, usijitupe. Mara nane hadi kumi, mara mbili kwa siku. Ukishaliweza vizuri, fanya huku umemkumbatia mtoto kifuani. Nalipenda kwa sababu ndiyo mwendo ule ule wa kumwinua mtoto kitandani na kunyanyua ndoo. Zoezi linalofanana na kazi yako lina faida kuliko zoezi linalopendeza kwenye simu.

Kwa ule ukakamavu wa jioni, piga magoti kwenye mkeka, viganja chini, uinue mgongo juu kisha uushushe taratibu, mara kumi. Watoto wa chekechea mnaowafundisha kuiga paka wanalijua. Ongeza na kutembea. Anza na dakika kumi kwenye njia tambarare, hatua fupi, kisha ongeza kila wiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mama aliyejifungua, kama hana tatizo linalomzuia, afikie walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa kasi kumo humo. Hazihitaji kufika mwezi huu. Kama kituo cha daladala kinafuata kingine kwa karibu, shuka kituo kimoja kabla ya nyumbani, basi.

Baada ya wiki mbili tatu, kama unajigeuza kitandani bila kushtuka, ongeza moja: ukiwa kwenye magoti na viganja, nyoosha mguu wa kushoto nyuma bila kiuno kuzunguka, kaa kidogo, rudisha, kisha wa kulia. Likishakuwa jepesi, nyoosha na mkono wa upande wa pili. Hapo tunaufundisha mwili kubeba uzito upande mmoja, jambo tulilolikwepa mwanzoni.

Utajuaje umezidisha? Yape maumivu alama, sifuri hadi kumi. Yakibaki tatu wakati wa zoezi na asubuhi yake yako kama jana, endelea. Yakipanda na kulala na wewe mpaka kesho, hukukosea zoezi, ulizidisha idadi, kata nusu. Nafuu yenyewe hupimwa kwa wiki, haipimwi kwa siku.

Video za rafiki yako hazina sumu, zimewahi tu. Kuinua miguu yote miwili ukiwa umelala chali na kukaa planki kunapandisha msukumo ndani ya tumbo. Tumbo ni kama dumu lililofungwa: ukilikandamiza, maji hutafuta palipo dhaifu. Kwako palipo dhaifu ni katikati ya tumbo na chini kwenye nyonga, na mara nyingi hapo ndipo mtu anapoanza kuvuja mkojo akicheka au akipiga chafya. Kama tayari unavuja, au unahisi uzito ukeni kama kitu kinashuka, usione haya kulisema hospitali. Ni tatizo lenye tiba, ingawa wengi wameaminishwa kwamba ndiyo uzazi ulivyo. Na tumbo kupungua ni habari ya chakula, usingizi na muda. Hakuna zoezi linalochagua mafuta ya kuondoa.

Utaambiwa pia jasho linaharibu maziwa. Mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa wala hayamdhuru mtoto. Nyonyesha kwanza ili matiti yawe mepesi, vaa sidiria inayoshika, kunywa maji.

Sasa kufua, ambako nadhani ndiko kunakula faida yote ya mazoezi. Beseni likiwa chini, unainama kwa nusu saa au zaidi, na kila nguo unayokamua unaizungusha nyonga hiyo hiyo inayouma. Lipandishe beseni juu ya benchi au meza, usawa wa kiuno. Gawanya nguo, za mtoto leo, mashuka keshokutwa. Mashuka na jinzi akamue mwingine. Hapo simung'unyi maneno, mume ana mikono. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji, zaidi ya uzito wa watoto wawili kama wako, kwa hiyo kwa miezi hii chota ndoo ndogo mbili, moja kila mkono. Ufagio wa chelewa ufungiwe mpini mrefu. Darasani usisimame umeegemea nyonga moja, na unaposahihisha madaftari kaa kitini, usiyainamie ukiwa umesimama.

Kitandani, kabla ya kujigeuza bana magoti pamoja na uweke mto katikati, kisha geuza mabega na magoti kwa pamoja, kipande kimoja. Hili pekee huwapa wengi nafuu usiku ule ule. Daladala, shika chuma kwanza, tanguliza mguu wa kushoto, ule usiouma, ndipo uvute wa kulia. Konda atapiga kelele, mwache apige. Unaponyonyesha, mlete mtoto kwenye titi kwa mto mapajani, usilipeleke titi kwa mtoto kwa kuinama.

Mkanda ulionunua unabana tumbo, na shida yako iko chini ya hapo. Kama ule mtihani wa kubanwa nyonga ulikupa wepesi, mkanda unaokufaa ni mwembamba, unaovaliwa chini, pale nyonga zinapotokeza zaidi pembeni, na kuvaliwa wakati wa kazi tu. Hata kanga iliyokunjwa ikafungwa hapo kwa kukaza wastani inasaidia. Huo wa tumbo unaweza kuuvaa muda mfupi ukikupa utulivu wa kovu, ila ukishindwa kuvuta pumzi vizuri umebana mno, na usilale nao. Nasema hivyo hivyo kwa wanaofungwa tumbo kwa nguvu siku arobaini: msukumo wote unapelekwa chini. Kitambaa cha moto kiunoni ni kizuri kwa misuli iliyokaza, alimradi mkono wa anayekanda unauvumilia ule moto na hagusi kovu. Panadoli ni salama kwa anayenyonyesha, kwa kipimo cha kawaida, siku ambayo maumivu yanakuzuia hata kutembea.

Kuna maumivu ambayo hayasubiri mazoezi. Ganzi kwenye sehemu za siri au kuzunguka haja kubwa, kushindwa kuzuia mkojo au choo ghafla, mkojo kugoma kutoka, au mguu kupoteza nguvu: nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Vivyo hivyo homa pamoja na maumivu ya mgongo, kovu linalotoa usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au kukosa pumzi. Maumivu yasiyopungua hata ukilala, yakiambatana na kukonda, jasho la usiku au kikohozi kisichoisha, yanahitaji kupimwa kifua kikuu, kwani kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo. Na maumivu makali yaliyoanza ghafla katikati ya mgongo baada ya kunyanyua kitu yapigwe picha. Kama hakuna hata moja ya haya, na umefanya mazoezi wiki sita bila mabadiliko, omba rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo hicho. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, panapouma na unapofanya nini, utawarahisishia kazi.

Kamba utairudia ukiweza haya: kutembea nusu saa bila maumivu, kusimama mguu mmoja sekunde kumi kila upande, kuruka papo hapo mara kumi bila kuvuja wala kuhisi uzito chini, na tuta la tumbo kutoonekana. Kwa wengine huwa ni miezi sita, wengine zaidi.

Mtoto mbebe mgongoni, hakuna ubaya. Ana miezi minne na nusu, kama shingo yake imekaza anabebeka, na kwa nyonga yako mgongoni ni kuzuri kuliko kumweka ubavuni, ambako uzito wote unaangukia upande mmoja. Mfunge juu na akubane, asining'inie kiunoni, na fundo likae kifuani, mbali na kovu. Usiiname kufua wala kufagia ukiwa naye. Nusu saa inatosha kwa sasa. Hatari iko kwenye kumpandisha, pale unapoinama mbele na kumrusha mgongoni huku unajizungusha: kaa ukingoni mwa kitanda, mtu mwingine amweke na kumshikilia, wewe ufunge kanga, ndipo usimame kwa mwendo ule wa zoezi la kiti.